Posho, Yenga na Konje: Mapumziko ya Karibu na Nyumbani katika Historia ya Kalima, Maniema

1.0 Utangulizi

Historia ya Kalima imezoea kuandikwa kama historia ya bati. Mtafiti anayetaka kujua ni kampuni gani ilichimba, umeme ulitoka mto gani, na bei ya madini iliporomoka mwaka gani, hakosi majibu. Lakini akiuliza watu waliochimba bati hilo walipumzika lini, walipumzikia wapi, na kwa ruhusa ya nani, hukutana na ukimya. Hali hii si ya Kalima peke yake. Wanahistoria wa Afrika walichelewa kulitazama suala la mapumziko kama jambo lenye uzito, na tafiti kama ule wa Phyllis Martin kuhusu Brazzaville, uliochapishwa mwaka 1995, au ule wa Laura Fair kuhusu Unguja, wa mwaka 2001, zilishughulikia miji mikubwa yenye bandari, magazeti na kumbi za starehe. Mji wa migodi ulio katikati ya msitu haujapata bahati hiyo.

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna moja ya mapumziko, nayo ni yale ambayo mtu huyapata bila kwenda mbali: likizo inayotumiwa mjini penyewe, mtoni, uwanjani, au katika kijiji kilicho umbali wa mwendo wa miguu. Njia tutakayoifuata ni ya maneno. Tutayachukua maneno 3 ya Kiswahili cha mashariki ya Kongo, yaani posho, yenga na konje, na kuyauliza yametoka wapi na yamebeba nini. Hoja yetu ni kwamba ukaribu wa likizo ya mchimbaji wa Kalima haukuwa matokeo ya umaskini tu, wala haukuwa mapenzi ya mtu kwa kwao tu. Kwa sehemu kubwa uliundwa na sheria na kampuni. Hata hivyo, ndani ya mpaka huo uliochorwa na wengine, watu wa Kalima walijijengea muda wao wenyewe, na muda huo ndio uliobaki kampuni ilipoondoka.

2.0 Kalima na Chanzo Chake

Kalima iko katika eneo la Pangi, kaskazini-mashariki ya Kindu, umbali wa kilomita 100 hivi. Atokaye Kindu huvuka kwanza mto Lualaba hadi Alunguli, kisha hushika njia ya msituni. Nchi hii ni ya Walega, watu ambao kabla ya utawala wa kikoloni hawakuwa na mfalme mmoja, bali waliunganishwa na ukoo na na chama cha Bwami chenye daraja zake, mafunzo yake na mithali zake.

Kiswahili kiliingia Maniema kabla ya Wabelgiji. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Nyangwe na Kasongo katika nusu ya pili ya karne ya 19, na David Livingstone alilikuta soko la Nyangwe likiwa na shughuli nyingi alipofika huko mwaka 1871. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894, Dola Huru ya Kongo iliuvunja utawala wa mabwana hao wa biashara, lakini haikuivunja lugha yao. Kiswahili kilibaki, kikaitwa Kingwana, na wakoloni wakakitumia.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Kampuni ya Reli ya Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, iliyoundwa mwaka 1902 chini ya kundi la Empain, ilijenga reli na kuendesha meli zilizoifanya Kindu kuwa kiungo cha mto na reli. Mwaka 1932 iliundwa kampuni ya bati iliyojulikana kwa jina la Symétain, na Kalima ikawa kitovu cha shughuli zake. Nguvu ya mto Lutshurukuru ilitumiwa kuzalisha umeme, kambi za wafanyakazi zikajengwa, na mahali palipokuwa msitu na vijiji pakawa mji wenye king'ora.

Jambo moja lastahili kusisitizwa mapema. Kalima haikuzaliwa kama mji wenye soko au msikiti katikati yake, kama ilivyokuwa Kasongo. Ilizaliwa kama kambi. Nyumba ilikuwa ya kampuni, hospitali ilikuwa ya kampuni, na saa pia ilikuwa ya kampuni. Kwa hiyo swali la mapumziko katika mji kama huu ni swali la mamlaka: nani anaimiliki siku ambayo hakuna kazi?

3.0 Juma Lililohesabiwa kwa Kazi

Msemaji wa Kiswahili cha pwani huhesabu siku zake kutoka Ijumaa. Jumamosi ni siku ya mosi baada ya sala kuu, na hesabu huendelea hadi Jumatano, siku ya 5. Juma zima limetundikwa kwenye sala. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ingawa majina ya pwani yanajulikana, hasa miongoni mwa Waislamu, kuna hesabu nyingine inayotumika sana. Siku ya kwanza ni Jumatatu. Inafuatwa na siku ya pili, ya tatu, ya ine na ya tano. Kisha hesabu inakoma. Jumamosi haiitwi siku ya sita, bali siku ya posho. Jumapili huitwa siku ya yenga, au siku ya Mungu.

Mpangilio huu ni hati ya kihistoria. Siku 5 hazina majina ila namba, kwa sababu zote zinafanana: ni za kazi. Zenye majina ni 2 tu, na majina hayo yanaeleza mfanyakazi alipata nini ndani yake.

Neno posho lilikuwa na umri mkubwa kabla halijafika migodini. Katika misafara ya karne ya 19, posho ilikuwa chakula, au kitambaa na shanga za kununulia chakula, alichopewa mpagazi ili aweze kuendelea na safari. Neno kambi nalo lilikuwa la misafara: pale walipotua mizigo na kulala. Maneno yote mawili yalisafiri pamoja na wapagazi kutoka pwani hadi Lualaba, na yote mawili yalipata ajira mpya. Kambi, ambayo Kongo hutamkwa pia kampi, ikawa makazi ya kudumu ya wafanyakazi. Posho ikawa mgao wa kila juma: unga au mchele, mawese, chumvi na samaki mkavu. Mpagazi alikuwa akitua kambini kwa usiku mmoja, lakini mchimbaji aliambiwa akae humo miaka, huku akilishwa kana kwamba bado yuko safarini.

Wako watakaosema kwamba tunalilemeza neno mzigo usiokuwa wake. Jibu ni kuangalia jinsi mgao ulivyofanya kazi. Mgao wa juma ulimtaka mtu awepo kambini siku ile. Asiyekuwapo hakupewa, au ilimbidi ajieleze. Hivyo posho ilimlisha mfanyakazi na wakati huohuo ilimhesabu. Mwisho wa juma ulianza kwa mstari, na aliyesimama kwenye mstari Jumamosi hakuweza kuwa mbali. Mtu aliyebaki na nusu ya Jumamosi na Jumapili nzima aliweza kwenda hadi pale tu ambapo miguu ingemrudisha kabla ya king'ora cha siku ya kwanza. Kwa maneno mengine, mpaka wa kwanza wa likizo ya karibu ulichorwa na mfuko wa unga.

Yenga ni neno lenye ndugu upande wa magharibi, kwani Walingala husema eyenga kwa maana ya Jumapili na sikukuu. Kwa Kiswahili cha Kongo, yenga ni siku ya kupumzika na ya kusali, na aghalabu humaanisha pia juma zima. Mtu husema yenga iliyopita kama wenzake wa pwani wasemavyo wiki iliyopita. Juma limechukua jina la siku yake ya mapumziko. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986, ameonyesha jinsi Kiswahili kilivyoelezwa na kusimamiwa katika koloni kati ya 1880 na 1938 ili kifae kuwa lugha ya amri na kazi. Tunakubaliana naye. Lakini katika kona hii ya msamiati wazungumzaji walipima muda kwa kitu kingine tofauti na amri.

4.0 Likizo ya Mbali na Likizo ya Karibu

Katika kambi hiyohiyo waliishi watu wenye likizo za aina mbalimbali. Mzungu wa kampuni alikuja kwa muhula, kwa kawaida wa miaka 3 hivi, na mwishoni mwa muhula alirudi Ubelgiji kwa likizo ya miezi kadhaa. Kwake yeye likizo ilikuwa bahari, meli na kwao. Kukaa Kalima siku za mapumziko kulikuwa ni kusubiri tu.

Mfanyakazi Mwafrika alifungwa na mkataba uliotawaliwa na amri ya 16 Machi 1922. Chini ya amri hiyo, kuvunja mkataba, ikiwa ni pamoja na kuondoka kazini bila ruhusa, kulikuwa kosa lenye adhabu ya kisheria. Aidha, mtu aliyetaka kutoka katika eneo lake la kiutawala kwa muda mrefu alihitaji hati ya serikali. Kwa hiyo hata ambaye angependa kwenda Kisangani, iliyoitwa Stanleyville wakati huo, kumtembelea kaka yake, safari yake ilianzia kwenye meza ya karani.

Tofauti hii inakuwa dhahiri zaidi tukiitazama pamoja na mambo yaliyotokea Ubelgiji kwenyewe. Mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa ya mwezi Juni, wafanyakazi wa Ubelgiji walipata kwa sheria siku 6 za likizo yenye malipo kila mwaka. Mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu likizo ya namna hiyo. Mchimbaji wa makaa ya mawe wa Charleroi akaanza kuwa na haki ya kwenda kuiona bahari ya Ostend. Mchimbaji wa bati wa Kalima, ambaye jasho lake liliingia katika uchumi uleule, aliendelea kuishi chini ya amri ya 1922.

Vita vya Pili vya Dunia viligeuza mambo kwa namna isiyotarajiwa. Ujerumani iliivamia Ubelgiji tarehe 10 Mei 1940, na njia ya kwenda kwao ikafungwa kwa Wabelgiji wa Kongo hadi nchi yao ilipokombolewa mwaka 1944. Sasa hata Mzungu alilazimika kutafuta likizo ya karibu. Waliojiweza walikwenda Afrika Kusini. Wengi waliielekea milima ya Kivu: ziwa lililo juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa ya baridi, mji wa Costermansville ambao leo ni Bukavu, na Hifadhi ya Albert iliyoanzishwa mwaka 1925. Kwa mtu wa Kalima hiyo ilikuwa likizo ya ndani ya jimbo lake mwenyewe, kwa maana Maniema na Kivu zilikuwa jimbo moja. Ndivyo Kivu ilivyozidi kuwa kitovu cha utalii wa wakoloni.

Wakati huohuo, likizo ya mchimbaji ilikuwa inanyauka. Wajapani walipoiteka Malaya na Singapore mwanzoni mwa 1942, na baadaye visiwa vya Indonesia, nchi zilizopigana nao zilipoteza vyanzo vikubwa vya bati. Bati la Maniema likawa mali ya vita. Mwaka huo wa 1942 serikali ya koloni iliongeza siku za kazi za lazima kwa wanavijiji kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Mwanakijiji wa Pangi ambaye hakuwa mgodini alitafutwa kwa ajili ya barabara, mashamba ya lazima na mpira wa msituni. Kwa hiyo kijiji, ambacho kingekuwa mahali pa kupumzikia mtu wa kambini, chenyewe hakikuwa na pumziko. Vita vilevile vilivyomfundisha Mzungu kufurahia likizo ya jirani vilimnyima Mwafrika hata hiyo ya jirani.

5.0 Matumizi ya Siku ya Yenga

Pamoja na hayo yote, siku ya yenga ilikuwapo, na watu waliitumia. Ni vyema kuitazama kwa sehemu zake.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ile iliyopangwa na wakubwa. Misheni na kampuni katika koloni zima ziliamini kwamba mfanyakazi asiye na shughuli ni hatari, na kwa hiyo zilileta mupira, bendi, na sinema zenye filamu zilizochaguliwa kwa ajili ya Waafrika. Mupira ulipata wafuasi haraka. Lakini uwanja ukishajaa watu haumtii tena aliyeujenga. Pale mpakiaji alimpita kapita wake mbele ya umati, na jina alilopewa mtu uwanjani lilidumu kuliko namba yake ya kazi.

Sehemu ya pili ilikuwa ya watu wenyewe. Baada ya misa palikuwa na malafu chini ya mti, na penye siri palikuwa na lotoko, pombe kali iliyokatazwa. Palikuwa na ngoma za kila kabila lililoletwa kambini. Kuanzia mwaka 1948, sahani za santuri za nembo ya Ngoma zilizotolewa Léopoldville zilisambaa nchini, na mtu mwenye gramafoni aliweza kuugeuza uwanja wake kuwa ukumbi. Palikuwa na mto pia: kuoga, kufua, kutega samaki, kukaa tu kwenye jiwe. Shughuli hizi hazikuhitaji fedha nyingi wala hati. Zilihitaji kitu kimoja tu, yaani saa zisizo na msimamizi.

Sehemu ya tatu, ambayo kwa maoni yetu ndiyo nzito kuliko zote, ni kutembea. Kitenzi hiki cha Kiswahili kina maana 2 zilizoshikamana: kwenda kwa miguu bila haraka, na kwenda kumwona mtu. Lugha nyingi huhitaji vitenzi 2 kwa jambo hilo. Kwa mfanyakazi aliyezaliwa katika vijiji vya Pangi, kutembea siku ya yenga kulikuwa yote mawili kwa pamoja. Alitoka kambini kwa njia ya msituni, akapita mashamba ya mihogo na migomba, akafika kwa mama yake mkubwa au kwa shemeji yake. Alichukua chumvi, sabuni au kipande cha kitambaa, akarudi na kuku, ndizi na habari. Ndivyo undugu ulivyoendelea kufanya kazi chini ya pua ya kampuni.

Utawala wa koloni haukuupuuza uzito wa mambo ya kijijini. Mwaka 1948 ulikipiga marufuku chama cha Bwami. Sherehe zake ziliwataka jamaa wakusanyike, wagawane mali na wakae pamoja kwa siku nyingi, mambo ambayo hayakupatana na kalenda ya mgodi wala na woga wa serikali juu ya mikutano isiyoielewa. Bwami haikufa. Lakini marufuku yenyewe yanatuonyesha kwamba muda wa mapumziko wa Walega ulikuwa muda wa siasa, na kwamba mtu aliyekwenda kwao kupumzika aliweza kurudi akiwa na cheo ambacho kampuni haikukitoa.

Lazima hapa tumtaje mwanamke, kwa kuwa msamiati wa posho na konje umezoea kumsahau. Mgao ulitolewa kwa jina la mume, lakini unga hauliwi mkavu. Siku ya yenga ndiyo iliyokuwa na wageni, na penye wageni kinu hakinyamazi: sombe lazima litwangwe, kuni zitafutwe, maji yachotwe. Yenga ya mwanamume ilisimama juu ya kazi ya mwanamke. Mapumziko yake yeye yalipatikana ndani ya kazi yenyewe, mtoni na wenzake wakati wa kufua, au njiani kwenda shambani. Historia ya mapumziko isiyoliona hili itakuwa inawahesabu nusu ya watu tu.

6.0 Konje na Dola Mpya

Neno konje limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ruhusa ya kuwa nje ya kazi. Pwani husema likizo, neno linalohusiana na kitenzi likiza, yaani kumpa mtu ruhusa ya kuondoka. Katika lugha zote hizo mapumziko ya mwaka ni kitu kinachotolewa na mwingine. Mtu hupewa konje. Yenga, kinyume chake, haipewi na mtu, hufika yenyewe.

Baada ya uhuru wa 30 Juni 1960 na misukosuko iliyofuata, ikiwa ni pamoja na uasi wa Simba ulioikumba Kindu mwaka 1964, sheria ya kazi ya 9 Agosti 1967 iliiweka likizo ya mwaka kuwa haki ya mfanyakazi wa nchi nzima. Mwaka 1976 Symétain iliunganishwa na kampuni nyingine za madini za mashariki kuwa SOMINKI, ambamo dola ya Zaire ilikuwa na hisa. Katika miaka hiyo mtu wa Kalima mwenye kazi ya kudumu alikuwa na konje yenye malipo, na kwa wengi ilitumiwa palepale: kijijini, Kindu kwa jamaa, au nyumbani kuezeka paa.

Mithali ya Waswahili yasema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Konje ya kijijini iliifuata kanuni hiyo. Siku za mwanzo zilikuwa za salamu na kuku, zilizofuata zilikuwa za shamba, kesi za ukoo na mahari. Je, hayo ni mapumziko? Kwa fikra ya mtalii, la. Lakini tofauti ya kazi ya mgodini na jembe la konje haikuwa uzito wa kazi. Ilikuwa ni nani anayenufaika nayo na nani anayesema basi, tukapumzike.

Dola nayo ilidai sehemu yake. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu ulileta salongo, kazi ya lazima ya pamoja iliyofanywa kwa kawaida Jumamosi. Siku ya posho, ambayo ilikuwa imepungukiwa na posho yenyewe, ikawa siku ya kufyeka majani kandokando ya barabara. Sikukuu za chama, kama tarehe 20 Mei na 24 Novemba, zilimtaka mfanyakazi acheze na kuimba mbele ya viongozi, na mwaka 1974 Krismasi iliondolewa katika orodha ya sikukuu za taifa. Hivyo dola huru ilirithi tabia ya kampuni ya kudhani kwamba muda usiokuwa na kazi ni muda usiokuwa na mwenyewe.

Ulinganisho mfupi na pwani utasaidia hapa. Unguja pia ilikuwa na likizo ya karibu. Wenye mali wa mjini walikuwa na mazoea ya kwenda shamba, na Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anayaeleza maisha ya majumba ya Mtoni na Bububu. Baadaye, kuanzia mwaka 1905, palikuwa na gari-moshi dogo la kwenda Bububu. Tajiri wa Unguja alikwenda shamba kupunga hewa kwa sababu shamba lilikuwa mali yake na kazi yake ilifanywa na watumwa au vibarua. Mchimbaji wa Kalima alikwenda shamba kwa sababu hapo tu ndipo alipokuwa na kitu ambacho si cha kampuni. Mahali palikuwa pamoja kwa jina, ila haki za waliokwenda huko hazikulingana.

7.0 Baada ya King'ora

Tarehe 24 Oktoba 1985, Baraza la Kimataifa la Bati lilishindwa kulipa madeni yake, na biashara ya bati katika soko la madini la London ikasimamishwa. Bei iliporomoka. SOMINKI haikupona. Uzalishaji ulipungua, wafanyakazi wakaachishwa, na mwaka 1997, katikati ya vita vilivyoipeleka Kindu mikononi mwa waasi wa AFDL mwishoni mwa Februari, kampuni hiyo ilifikia mwisho wake na kufuatwa na SAKIMA. Madai ya malipo ya mwisho ya waliokuwa wafanyakazi yaliendelea kwa miaka mingi. Vita vya pili vilianza Agosti 1998, na Oktoba mwaka huo Kindu ikaangukia mikononi mwa waasi wa RCD.

Katika miaka hiyo njia ya kutembea iligeuka maana. Njia ileile ya msituni aliyoipita mtu siku ya yenga akiwa na chumvi mkononi sasa aliipita usiku akiwa na watoto mgongoni. Waliokuwa wameendelea kutembea kwa jamaa zao kwa miaka yote ya kampuni walikuwa na mlango wa kubisha. Hapa ndipo faida ya likizo ya karibu ilipoonekana wazi. Zile Jumapili zilizoonekana si kitu zilikuwa zimeulea undugu hadi siku ya shida.

Leo bati la Kalima huchimbwa kwa wingi kwa mikono, na wachimbaji wadogo. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inampa mfanyakazi mtu mzima angalau siku 1 ya kazi ya likizo kwa kila mwezi kamili wa utumishi. Lakini mchimbaji mdogo hana mwajiri. Ana mwenye shimo, ana mnunuzi, na ana deni. Hakuna wa kumpa konje. Hupumzika mvua ikijaza shimo, bei ikishuka, au penye matanga. Tarehe 11 Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na marufuku hayo yakaondolewa Machi 2011. Kwa miezi 6 hivi maelfu ya watu walikaa bila kazi. Hakuna aliyethubutu kuuita muda huo konje, na lugha ilikuwa na haki: kukosa kazi na kupumzika ni vitu viwili. Mapumziko yanahitaji uhakika kwamba kesho ipo.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, likizo ya karibu ya watu wa Kalima iliwekewa mipaka na mgao, mkataba na hati, na kwa hiyo hatuwezi kuisifu kana kwamba ilichaguliwa kwa hiari kamili. Pili, ndani ya mipaka hiyo watu waliutumia ukaribu kutunza undugu, cheo na furaha, na mambo hayo yaliishi muda mrefu kuliko kampuni 2 zilizofuatana. Tatu, hali ya sasa ya mchimbaji mdogo, aliye huru na king'ora lakini hana siku yake, inatulazimisha tusiuchukulie uhuru wa kutosimamiwa kuwa ndio haki ya kupumzika. Babu yake alikuwa na yenga bila konje. Baba yake alikuwa na zote mbili. Yeye mwenyewe yumo hatarini kubaki na shimo tu.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna kazi ya kufanya. Kamusi zetu za sanifu zimejengwa juu ya lahaja za pwani, na maneno kama siku ya posho yakitajwa hutajwa kama upotofu wa bara. Ukweli ni kwamba yamehifadhi kumbukumbu ambayo nyaraka za kampuni hazikuona haja ya kuiandika. Wazee waliosimama kwenye mstari wa posho katika miaka ya 1950 wanazidi kupungua. Atakayekwenda Kalima na kuwauliza, asianze na tani za bati, kwani hizo zimekwisha kuandikwa. Awaulize siku ya yenga walikwenda wapi, walikwenda na nani, na walirudi saa ngapi.